Ujuzi wa Kazi Ufundishwe Ndani ya Hisabati na Sayansi, Si Pembeni

Hii ni hotuba aliyoitoa mtakwimu mstaafu wa sekta ya maji mbele ya wazazi, wanafunzi, wahadhiri na maafisa wa kaunti mjini Kilifi. Tumeichapisha karibu yote kama alivyoisema.



Nimeombwa nizungumze juu ya ujuzi wa kuajirika katika shahada za sayansi na hisabati. Nilipoisoma barua ya mwaliko nilicheka kidogo, kwa sababu mimi niliajiriwa nikiwa sina ujuzi huo, na aliyelipia gharama yake alikuwa mtu mwingine. Niruhusuni nianze na mtu huyo.

Nilihitimu shahada ya hisabati, daraja la kwanza. Mama yangu alichinja mbuzi, majirani wakaja, mjomba akanipa saa ya mkononi. Miezi kadhaa baadaye nikaajiriwa na kampuni moja ya maji, si ya kaunti hii, niwe mchanganuzi wa takwimu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta maji yanapotelea wapi. Hilo si jambo dogo. Ripoti za WASREB, mdhibiti wa huduma za maji nchini, zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayafiki kwenye bili ya mtu yeyote. Mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hupita kwenye mita zilizokufa.

Kuna njia inayojulikana ya kutafuta uvujaji. Unapima maji yanayoingia mtaani kati ya saa nane na saa kumi usiku. Saa hizo watu wamelala, hakuna anayefua wala kupika, kwa hiyo ukiona maji bado yanaingia kwa wingi, jua yanavuja au yanaibwa. Njia hii inatumika duniani kote na ni nzuri. Mimi nilipima, nikapata mita za ujazo 18 kwa saa zikiingia mtaa mmoja wenye nyumba mia tatu hivi. Bomba la mtaa huo lilikuwa jipya, halina miaka miwili. Nikafikiri: kama si kuvuja, basi ni wizi. Nikatazama ramani, nikaona mahali pamoja tu penye mita isiyofanya kazi, napo ni kwenye kioski cha maji cha mama mmoja. Nikaandika ripoti ya kurasa kumi na nne, yenye grafu za rangi. Kioski kikafungwa.

Kilifungwa wiki tatu. Kisha mzee mmoja msoma mita, aliyekuwa amebakisha miezi michache astaafu, akaja mezani kwangu na kuniuliza, "Mwanangu, wewe umewahi kulala mtaa ule hata usiku mmoja?" Nikasema la. Akasema, "Kule maji ni ya mgao. Hufunguliwa saa tano usiku na kufungwa alfajiri. Kila mwenye tangi huacha bomba wazi, akaenda kulala."

Tangi la kawaida la nyumbani ni la lita 1,000. Mita za ujazo 18 ni matangi 18 yanayojaa kwa saa moja katika mtaa wa nyumba mia tatu. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita angeifanya. Na kama ningejumlisha bili za mtaa ule za mwezi mmoja, ningeona kwamba karibu maji yote yale yalikuwa yamelipiwa. Sikujumlisha. Nilikuwa na mlinganyo, na mlinganyo ulinitosha.

Kioski kilifunguliwa tena. Nilikwenda kumwomba radhi yule mama. Hakunitukana. Aliniuliza tu kwa nini sikuja kumuuliza kabla ya kuandika. Sikuwa na jibu.

Sasa, wazazi wenzangu, nataka mwone kitu hapo. Kilichonipungukia si hisabati. Hisabati nilikuwa nayo hadi ya kumwagika. Nilipungukiwa na tabia ya kuuliza namba imetoka wapi na imepimwa na nani. Nilipungukiwa na uwezo wa kuketi na mtu asiye na shahada nikajifunza kwake. Sikujua kuandika sentensi inayosema, hapa nina hakika na hapa sina. Wala sikujua kwamba ripoti, hata ikiwa na grafu nzuri, mwisho wake humwangukia mtu. Hayo ndiyo ninayoyaita ujuzi wa kazi. Si kuvaa tai, wala si kuandika wasifukazi wa kurasa mbili, ingawa hayo nayo yana mahali pake.

Vyuo vyetu vikuu havijalala kuhusu jambo hili. Vingi vimeweka somo la stadi za mawasiliano katika mwaka wa kwanza. Mnalijua, nyinyi wanafunzi. Mnakusanywa kwenye ukumbi mkubwa, wa fizikia, wa kilimo na wa biashara pamoja, mnafundishwa aina za barua na vizuizi vya mawasiliano, mnafanya mtihani, mnasahau. (Naona mnacheka, basi nimesema kweli.) Siwalaumu wahadhiri wanaolifundisha. Mtu mmoja mbele ya wanafunzi mia nne atasahihisha nini?

Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba somo lile liko pembeni. Mama zetu hapa pwani hawapakui mchuzi kwanza halafu wakamiminia tui juu yake mezani. Tui huingia chunguni, mchuzi ukiwa motoni. Mwanafunzi wa takwimu hajifunzi kuandika ripoti kwa kuandika barua ya kuomba likizo. Hujifunza kwa kuandika ripoti ya takwimu, mwalimu wake wa takwimu akaisoma, akamrudishia na kumwambia, aya hii sikuielewa, na huyu unayemwandikia hataielewa pia.

Niwape mfano wa hapa nyumbani, maana nisipofanya hivyo mtasema mzee anahubiri tu.

Kwenye fuo zetu kuna vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyojulikana kwa herufi BMU. Chombo kinapotua, samaki hupimwa na kuandikwa: changu kilo ngapi, tafi kilo ngapi, pweza wangapi, wamevuliwa kwa mtego gani. Tuseme mhadhiri wa takwimu, badala ya kuchukua data ya kitabuni iliyosafishwa tayari, anachukua daftari za namna hiyo za mwaka mzima na kuwapa wanafunzi wa mwaka wa pili. Anawaambia, nataka kujua kama samaki wanapungua.

Wiki ya kwanza yote itakwenda kwenye usafi. Samaki mmoja ameandikwa kwa majina matatu, kwa sababu waandishi ni watatu na kila mmoja ana lugha ya kwao. Mahali pengine wameandika kilo, mahali pengine idadi. Kuna siku zenye sifuri na siku zisizo na kitu. Hapo mwanafunzi mvivu hujaza sifuri kote. Lakini sifuri ina maana mvuvi alikwenda baharini akarudi mikono mitupu, na nafasi tupu huenda ina maana hakwenda, au mwandishi alikuwa matangani. Ni vitu tofauti kabisa, na hakuna programu ya kompyuta itakayokuambia ni kipi. Lazima upige simu, au uende. Umsalimie mtu kwanza, uulize habari za nyumbani, ndipo uulize habari za daftari. Ukianza na daftari utajibiwa mkato.

Wiki ya pili wanachora mstari. Tuseme daftari walilopewa linaanza Novemba na kuishia Julai. Mstari utashuka, na utashuka vizuri sana, na mwanafunzi ataandika kwamba samaki wanakwisha. Mvuvi yeyote atamcheka. Novemba ni kaskazi, bahari imetulia, vyombo vidogo vinatoka. Julai ni kusi, mawimbi, vyombo vingi vimeegeshwa. Samaki hawakupungua, walipungua waliokwenda kuwavua. Kwa hiyo usihesabu kilo zote kwa jumla, hesabu kilo kwa chombo kwa siku, na ulinganishe kusi na kusi, kaskazi na kaskazi. Mwanafunzi akilifikia hilo mwenyewe, baada ya kukosea mbele ya wenzake, amejifunza takwimu kwa undani kuliko kwa mihadhara mitano. Na ni takwimu ileile iliyo kwenye mtaala, hakuna kilichopunguzwa.

Wiki ya mwisho anaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kwa ajili ya wavuvi waliotoa daftari, na kusimama mbele yao kuusoma. Hapo ndipo alama zitolewe. Ninavyojua mimi, ukurasa mmoja wa Kiswahili safi juu ya matokeo ya takwimu ni mgumu kuliko kurasa ishirini za Kiingereza cha kitabuni, kwa sababu hakuna neno la kujifichia.

Hivyo ndivyo ujuzi unavyopikwa ndani ya somo. Kazi ya pamoja, mawasiliano, kupanga muda, kukubali kosa, vyote vimo, na hakuna aliyesema leo tunafundisha stadi za maisha.

Kwa masomo mengine nitapita haraka. Mwanafunzi wa kemia anaweza kujifunza kupima asidi na besi kwa sabuni ya maji inayotengenezwa na akina mama mitaani, akajua pia alama ya ubora ya KEBS inatafutwaje. Wa fizikia anajua jinsi mwanga unavyogeuka umeme, pengine kuliko mtu yeyote humu ukumbini. Lakini kufunga mitambo ya sola nchini kunahitaji leseni ya EPRA, na leseni hizo ziko kwa madaraja, T1 hadi T3. Kijana wa polyteknik ya kijiji aliyeshika leseni atafunga paneli, na mwenye shahada ya fizikia asiye na leseni atamtazama kutoka chini ya ngazi. Kwa nini mafunzo yanayoelekeza kwenye leseni yasiwe sehemu ya mwaka wa tatu?

Nalisema hili la sabuni na sola kwa makusudi. Utafiti wa Uchumi unaotolewa kila mwaka na shirika letu la takwimu, KNBS, huonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira zilizo nje ya kilimo kidogo ziko katika sekta isiyo rasmi, ile tunayoiita jua kali. Basi tukisema kuajirika na picha iliyo vichwani mwetu ni ofisi yenye kiyoyozi, tunawaandaa watoto wengi kwa ajili ya viti vichache. Kujua kupiga hesabu ya bei, kujua faida ni nini baada ya kutoa nauli na hasara, kuweka rekodi ambayo benki itaiamini, hayo nayo ni hisabati.

Wahadhiri wataniambia, mzee, haya ni mapya na hayana mfano. Yana mfano, na ni wa zamani. Nitawapeleka mbali kidogo, Kanada, kwa sababu kule walianza na swali lililo kama letu.

Mwaka 1956, katika mji mdogo wa viwanda mkoani Ontario, mkuu wa kampuni moja ya matairi aitwaye Ira Needles alitoa hotuba kwa wafanyabiashara wa mji wake. Aliwaambia nchi inahitaji wahandisi wengi, na vyuo vilivyopo haviwezi kuwatoa kwa kasi. Akapendekeza chuo ambamo mwanafunzi husoma miezi mitatu, akaenda kiwandani miezi mitatu, akarudi darasani, hivyo hivyo hadi amalize. Mwaka uliofuata, 1957, darasa la kwanza lilianza, na ndilo chimbuko la Chuo Kikuu cha Waterloo. Vyuo vya zamani havikupendezwa, walisema si elimu ya chuo kikuu hiyo. Lakini utaratibu ulidumu, na baadaye vipindi vikawa vya miezi minne minne.

Kwetu sisi wa hisabati jambo la kutazama ni lililofuata. Katika kiangazi cha 1965 wanafunzi wanne wa shahada ya kwanza hapo Waterloo waliandika programu iliyoitwa WATFOR. Wakati huo mwanafunzi akiandika programu ya kompyuta kwa lugha ya Fortran, mashine ilichukua muda mrefu kuitafsiri, na akikosea, hakuambiwa vizuri kosa liko wapi. WATFOR ilitafsiri haraka na kumwonyesha mwanafunzi wazi alipokosea. Vyuo vingine vikaichukua na kuitumia. Vijana wale wanne hawakuwa wanafanya zoezi la kupewa alama na kutupwa. Walikuwa na watu waliosubiri kazi yao. Mwaka 1967 Waterloo kilianzisha kitivo kizima cha hisabati, na wanafunzi wake nao wakaingia katika utaratibu huo wa darasani na kazini.

Waterloo palikuwa na viwanda na kampuni za bima. Sisi tulikuwa na kiwanda cha korosho, na mnajua kilivyoishia. Kwa hiyo hatuwezi kunakili tu. Lakini tuna hospitali, tuna kampuni za maji, tuna masoko, mashamba ya maembe, bandari za wavuvi, vyama vya akiba na mikopo, tuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust ambacho kimekuwa hapa Kilifi tangu 1989. Na tuna serikali ya kaunti yenyewe, ambayo kila siku inazalisha takwimu nyingi kuliko inavyoweza kuzisoma.

Mfano wa pili ni mfupi. Uingereza, tangu 2002, kuna mpango ulioanzishwa na mwandishi wa vitabu vya sayansi Simon Singh pamoja na mwenzake Hugh Mason, ambao mwanafunzi wa hisabati au sayansi wa chuo kikuu huenda kusaidia katika darasa la shule ya karibu, na saa hizo huhesabiwa katika shahada yake. Mtu akijaribu kumweleza mtoto wa kidato cha pili kwa nini hasi mara hasi ni chanya, na mtoto akakataa kuelewa, mtu huyo atajifunza kueleza. Shule zetu nyingi zina uhaba wa walimu wa hisabati. Sioni ni nini kinachotuzuia hapa isipokuwa barua mbili na nauli.

Sasa niwasikilize wanaopinga, maana wapo, na wana hoja.

Wa kwanza ni mhadhiri anayesema kwamba shahada ya hisabati si kozi ya ufundi, na tukiendelea hivi tutaondoa uthibitisho wa nadharia ili tupate nafasi ya lahajedwali. Namwunga mkono kwa nusu. Programu nilizofundishwa mimi kazini hazipo tena hata moja. Lakini tabia ya kuthibitisha, ya kuuliza "je, hii ni kweli siku zote, au ni kweli katika mifano niliyoiona tu?", hiyo nimeitumia hadi nimestaafu. Siku ile ya kioski, kilichoniangusha ni kwamba niliiacha tabia hiyo mlangoni. Sharti la njia yangu lilikuwa watu wawe wamelala na mabomba yamefungwa. Katika mtihani wa uthibitisho ningepewa sifuri kwa kutolichunguza sharti. Kazini nilipewa pongezi. Kwa hiyo msiniletee shahada iliyoondolewa nadharia. Ninachoomba ni nadharia itoke nje ya darasa mara kwa mara.

Wa pili ni kijana, na hoja yake inanisumbua zaidi. Anasema: mzee, hata nikiwa na stadi zote hizo, kazi hazipo. Ni kweli. Kumfundisha mtu kuajirika hakuzai nafasi ya kazi, na yeyote atakayewaahidi hivyo anawadanganya. Kuna vijana wenye stadi zote wanaoendesha bodaboda hapa mjini, wala kosa si lao. Ninachoweza kusema ni kidogo tu. Kuna kazi ambazo hazijatangazwa kwa sababu hakuna aliyejua kwamba zinahitajika, mpaka mtu alipokuja akaonyesha. Mhasibu wa hospitali hajui kwamba anahitaji mtu wa takwimu hadi mwanafunzi amwonyeshe kwamba dawa fulani huisha kila mwezi wiki ileile. Si kila mwanafunzi ataajiriwa kwa njia hiyo. Wengine wataajiriwa.

Nije kwa kaunti, na hapa nitaomba radhi mapema kwa wenyeji wangu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka vyuo vikuu mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa elimu ya chekechea na polyteknik za vijiji. Kwa hiyo kaunti haiwezi kumwamuru mhadhiri afundishe nini, wala haipaswi. Lakini mlango wa ofisi ya kaunti ni wa kaunti. Kila mwaka wanafunzi huja kwa mafunzo ya nyanjani, atachimenti kama vijana wanavyoyaita. Wengi wao katika ofisi nyingi za nchi hii, za umma na za binafsi, hutumwa kutoa nakala, kuandika majina ya wageni, na kuleta chai. Mwisho wa miezi mitatu daftari lao hupigwa mhuri. Mimi pia nimepiga mihuri hiyo, tena bila kusoma kilichoandikwa.

Ninachoomba hakihitaji mswada wala bajeti ya ziada. Kila idara, kabla ya kupokea mwanafunzi, iandike ukurasa mmoja: swali gani linatusumbua, takwimu zake ziko wapi, nani atakayekaa na mwanafunzi saa moja kila wiki. Idara isiyoweza kuandika ukurasa huo isipokee mwanafunzi. Afadhali apokee watano wenye kazi kuliko hamsini wanaohesabu madirisha. Takwimu zenye majina ya wagonjwa au walipa kodi zifichwe majina kwanza, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatubana sote, na kumfundisha mwanafunzi kuiheshimu ni sehemu ya mafunzo.

Kuna jambo moja linalohitaji fedha, nalo ni nauli na chakula cha mchana. Mwanafunzi anayetoka Ganze au Magarini hawezi kuja mjini kila siku kwa miezi mitatu bila shilingi. Anayeweza ni yule ambaye babake ana gari au shangazi ana nyumba hapa. Tukiacha hivyo, mafunzo haya yatakuwa yanawaongezea walio nacho. Na wasichana tuwafikirie zaidi. Mtoto wa kike anayetoka ofisini saa kumi na mbili na kusubiri matatu gizani hajaandaliwa kazi, amehatarishwa.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Wazazi, nina neno moja kwenu kuhusu muda. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10 Januari 2026, na wanatarajiwa kufika chuo kikuu mwaka 2029. Hao wamezoea kufanya miradi tangu wakiwa wadogo. Baadhi yenu mmeshinda usiku mkikata maboksi kwa ajili yao, mnajua. Wakifika chuoni wakakuta mihadhara ya kunakili ubaoni, watarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Vyuo vina muda mfupi, na mtaala wa shahada haubadilishwi kwa wiki moja.

Kwa hiyo kabla mtoto wako hajachagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, nenda naye chuoni siku ya wazi, au piga simu. Usiulize tu karo ni kiasi gani. Uliza: katika kozi hii ya hisabati au kemia au fizikia, mwanangu ataandika ripoti ngapi zitakazosomwa na kurudishwa zikiwa na maoni? Atafanya kazi ngapi ambazo mtu aliye nje ya chuo anazisubiri? Nani humtafutia nafasi ya nyanjani, ni chuo au ni mimi mzazi nipige simu kwa jamaa? Mradi wa mwaka wa mwisho unatokana na swali la nani? Wakikujibu kwa mifano, andika jina la kozi. Wakikujibu kwa brosha, shukuru, na uulize chuo kingine.

Na nyinyi wanafunzi mlioko chuoni tayari, msisubiri mtaala ubadilike. Mwaka huu kabla hamjaandika mradi wa mwisho, tafuteni mtu mmoja mwenye swali. Awe mwenye duka, mwandishi wa BMU, muuguzi wa zahanati. Mwulizeni anahesabu nini kila siku na kwa nini. Kisha lalani mtaa wake usiku mmoja.

Niko tayari kwa maswali, na yule binti wa fizikia aliyeinua mkono tangu nilipotaja leseni ya sola aanze.